Mwalimu Yuko Mbali, Kinanda Kiko Sebuleni

Nilianza kujifunza kinanda nikiwa Songea, mwalimu wangu akiwa Moshi. Hatukuwahi kukaa benchi moja. Kila Jumapili jioni alinitumia somo kwa simu: picha ya ukurasa mmoja wa noti, maelezo ya sauti ya dakika tatu au nne, na video fupi ya mikono yake. Kila Ijumaa nami nilimtumia nilichofanyia kazi wiki nzima.

Miezi minne ya mwanzo nilimdanganya bila kukusudia. Nilikuwa narekodi wimbo mara kumi na tano, nachagua rekodi moja iliyotoka safi, naituma hiyo na kuzifuta nyingine zote. Yeye alinisifu na kunipa somo linalofuata. Siku nilipopewa kupiga wimbo wa matoleo kanisani, mkono wa kushoto ulikwama mstari wa pili, na kwaya ikaimba bila kinanda mpaka mwisho. Ulikuwa wimbo ule ule niliosifiwa wiki mbili kabla.

Nilipomweleza mwalimu, hakunilaumu. Aliniuliza tu zile rekodi kumi na nne nilizozifuta ziko wapi.

Kila ushauri ninaoutoa hapa unatokana na swali hilo. Mwalimu aliye kando yako huona bega lililopanda, husikia pumzi unayoibana, na hujua umerudia mara ngapi. Aliye mbali hufundisha kile tu unachomfikishia. Kwa hiyo anayejifunza kwa njia hii ana kazi mbili: kupiga kinanda, na kuwa macho na masikio ya mwalimu wake. Ukiijua kazi ya pili, umbali haukuzuii kufika.

Ufundishaji wa namna hii una historia ndefu. Carl Czerny, mwanafunzi wa Beethoven aliyekuja kumfundisha Liszt, aliandika katika karne ya 19 kitabu cha barua za kufundisha piano, akimwandikia binti wa miaka kama kumi na miwili anayeishi shamba, mbali na mji. Barua zile zimejaa hekima, lakini ni za upande mmoja: Czerny ilimbidi abuni mwenyewe binti yule angekwama wapi. Hapa kwetu wazee wengi wanayakumbuka masomo kwa njia ya posta, bahasha ikienda na kurudi kwa wiki kadhaa. Leo jibu linarudi kabla ya usiku kuingia. Tuitumie nafasi hiyo ipasavyo.

Chagua kinanda kwa kipimo, si kwa mwonekano

Piano kamili ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili huhitaji vyote hivyo. Kinanda cha umeme chenye vibonye 61, yaani oktavu tano, kinatosha kwa nyimbo za kwaya na vipande vingi vya wanaoanza. Ukienda dukani au kwa mtu anayeuza kilichotumika, fanya majaribio manne.

Kwanza, chukua rula. Kutoka ukingo wa kushoto wa C moja (kibonye cheupe kilicho kushoto mwa vyeusi viwili vilivyokaa pamoja) hadi ukingo wa kushoto wa C inayofuata kunapaswa kuwa na sentimita kama 16 na nusu. Pungufu sana ya hapo, hicho ni cha watoto kuchezea, na vidole vyako vitajifunza umbali usio wa kweli.

Pili, bonyeza kibonye kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ikiwa ile ile mara zote mbili, kiache. Huwezi kujifunza kupiga kwa upole kwenye kinanda kisichojua upole.

Tatu, bonyeza vibonye vyote kimoja kimoja, cha kwanza hadi cha mwisho, ukisikiliza kinachogoma, kinachochelewa kurudi, au kinachotoa sauti kubwa kuliko jirani zake.

Nne, uliza adapta yake. Soma volti zilizoandikwa nyuma ya kinanda na kwenye adapta, kisha linganisha alama ya chanya na hasi kwenye kichomekeo. Adapta isiyo yake inaweza kuunguza kinanda siku ya kwanza. Kinachokubali pia betri ni bora zaidi, maana umeme hukatika.

Ukibahatika kupata piano ya nyuzi, hasa ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, fahamu kwamba unyevu na chumvi ya baharini hula nyuzi na kuvimbisha mbao. Kabla ya kulipa, mtafute fundi wa kurekebisha sauti aifungue na kuitazama ndani. Piano isiyoshika sauti italipotosha sikio lako kila siku.

Na usiye na chombo kabisa? Chora vibonye vya oktavu mbili kwenye kadibodi kwa vipimo halisi, kila kibonye cheupe upana wa milimita 23 na nusu. Zoezea hapo vidole na mpangilio huku ukiimba noti kwa mdomo, kisha Jumamosi nenda ukapige kinanda cha kanisani au shuleni. Kadibodi haikupi sauti wala uzito wa kibonye, lakini inakufundisha kujua noti kabla ya kuibonyeza.

Andaa pembe yako

Weka kinanda mahali ambapo hakitaondolewa na kufungiwa kabatini kila siku, kwa sababu kinanda kilicho wazi hupigwa. Keti ukingoni mwa kiti, nyayo zote mbili chini, viwiko vikiwa usawa wa vibonye au juu yake kidogo. Kiti kikiwa kifupi, kunja khanga mbili tatu ukalie. Vidole vijikunje kama vimeshika chungwa dogo, na kiganja kisilale.

Mkono ukiuma, acha. Uchovu wa misuli ni jambo la kawaida, ila maumivu ya kifundo cha mkono au ya mkono chini ya kiwiko ni dalili kwamba umejikaza. Mwandikie mwalimu siku hiyo hiyo na usisubiri Ijumaa.

Simu ipate makao yake pia. Iweke upande wako wa kulia, usawa wa vibonye, ili ionekane mistari miwili: mgongo wako, na mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Wanafunzi wengi hurekodi kutoka juu tu. Picha ya juu huonesha ni kidole gani kimebonyeza nini, lakini huficha kifundo kilichozama na bega lililopanda, na humo ndimo makosa ya mwanzo hujificha. Wiki hii rekodi ubavuni, wiki ijayo juu.

Mpime mwalimu kwa anachokuomba

Walimu na kozi za mbali ni nyingi sasa. Kabla ya kulipa ada ya miezi mitatu, omba somo moja na uangalie jambo moja: je, anakuomba umtumie upigaji wako, na akishausikia, anataja mahali? Anayejibu “vizuri sana, endelea” hajakusikiliza. Anayejibu kwamba katika kipimo cha tano (kipande kati ya mistari miwili ya wima ya noti) kidole gumba kimechelewa kupita chini ya cha tatu, huyo mshike. Kozi ya video zilizorekodiwa zamani ni kitabu kizuri, lakini kitabu hakikusikilizi. Ukiitumia, tafuta mtu mwenye ujuzi wa kukusikiliza japo mara moja kwa mwezi.

Watu wengi hudhani simu ya video ya moja kwa moja ni bora kuliko kutumiana rekodi. Kwa mazungumzo ni kweli. Kwa muziki, mara nyingi sivyo. Sauti huchelewa njiani, kwa hiyo hamwezi kupiga pamoja. Tena programu za simu zimetengenezwa kwa ajili ya maneno: noti inayoshikiliwa muda mrefu huweza kudhaniwa ni kelele na kupunguzwa. Rekodi huepuka mambo yote mawili, na mwalimu anaweza kuirudia mara tatu. Tena inaokoa bando. Ukitaka akague mdundo, mtumie sauti peke yake. Ukitaka akague mkono, sekunde thelathini za video zinatosha.

Dakika ishirini na tano za kila siku

Saa tatu za Jumamosi haziwezi kuchukua nafasi ya dakika ishirini na tano za kila siku. Vidole hujifunza kwa kurudia, kulala, kisha kurudia tena. Mimi huzigawa hivi.

Dakika tano za kwanza ni za skeli. Anza na C. Mkono wa kulia ukipanda, vidole ni 1-2-3-1-2-3-4-5, gumba likiwa 1 na kidole cha mwisho 5. Wa kushoto ukipanda ni 5-4-3-2-1-3-2-1. Mkono mmoja kwanza. Mikono miwili pamoja isubiri mpaka kila mmoja uweze kupanda na kushuka ukiwa umefumba macho.

Dakika tano ni za kusoma noti usizowahi kuziona, vipimo vinne tu, polepole, bila kusimama hata ukikosea.

Dakika kumi ni za somo la wiki. Usipige wimbo wote, kata vipimo viwili. Weka punje tano za maharage upande wa kushoto wa kinanda. Ukipiga vipimo hivyo bila kosa, hamishia punje moja kulia. Ukikosea, zote zinarudi kushoto. Zikivuka zote tano, endelea na vipimo viwili vingine. Punje zikigoma kuvuka, mwendo wako ni mkubwa mno, punguza. Metronomu ya bure kwenye simu ikiwa kwenye 60, pigo moja kwa sekunde, ni mahali pazuri pa kuanzia. Jaribu pia kuanzia mwisho wa wimbo kurudi nyuma, vipimo viwili viwili. Wengi wetu huijua mistari ya mwanzo kwa moyo na kuuogopa mwisho, kwa sababu mwisho tumeupiga mara chache.

Dakika tano za mwisho piga wimbo unaoujua na kuupenda. Usiifute sehemu hii hata siku ya haraka, maana ndiyo itakayokurudisha kwenye kiti kesho.

Kama umetoka kwenye kwaya, umeshatangulia

Waimbaji wengi wa Afrika Mashariki wamekulia kwenye sol-fa, maandishi ya do, re, mi yaliyoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na kuletwa huku na wamisionari. Wakifika kwenye kinanda, huambiwa waanze upya. Si kweli. Sikio lililofunzwa na sol-fa ni mtaji, linahitaji tu daraja la kulivusha.

Daraja lenyewe ni hili. Katika sol-fa, kutoka mi kwenda fa ni nusu hatua, na kutoka ti kwenda do ni nusu hatua. Nafasi nyingine zote ni hatua nzima. Tazama vibonye: kati ya E na F hakuna cheusi, wala kati ya B na C. Ukianza do kwenye C, nusu hatua zinaangukia hapo hapo, ndiyo maana ufunguo wa C hutumia vyeupe vitupu. Sasa hamisha do kwenye F. Mi inakuwa A, na fa inapaswa kuwa nusu hatua juu yake, lakini B iko hatua nzima. Basi unaishusha: B flati. Hamisha do kwenye G, na ti inapaswa kuwa nusu hatua chini ya G. F iko chini mno, unaipandisha: F shapu. Ukishaelewa hivyo, shapu na flati hazikaririwi tena kama orodha, unazitafuta mwenyewe kwa sikio na kuzithibitisha kwa jicho. Kwa vidole, kumbuka kwamba skeli ya F mkono wa kulia ina mpangilio wake: 1-2-3-4-1-2-3-4, ili gumba lisiangukie kibonye cheusi.

Kisha jifunze kodi tatu (noti zinazopigwa pamoja) zinazobeba nyimbo nyingi za ibada: do-mi-so, fa-la-do, na so-ti-re. Katika ufunguo wa C ni C-E-G, F-A-C na G-B-D. Usiruke kutoka moja hadi nyingine kwa mkono mzima. Zipange ziwe jirani: C-E-G, kisha C-F-A, kisha B-D-G. Hapo vidole vinasogea kidogo tu, na sauti haikatiki.

Ukifika kwenye wimbo wa sauti nne, usijaribu zote nne siku moja. Siku ya kwanza piga besi kwa mkono wa kushoto huku ukiimba sauti ya kwanza kwa mdomo. Siku ya pili piga sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia huku ukiimba besi. Siku ya tatu ziunganishe mikononi. Alto iongeze baadaye kama sauti ya chini ya mkono wa kulia, na teno iwe ya mwisho, kama sauti ya juu ya mkono wa kushoto. Kwa wimbo mmoja hii ni kazi ya wiki mbili au tatu, na utakaoumaliza hivyo hautakutoka.

Onyo moja kwa wapigaji wa kanisani: vinanda vingi vina swichi ya kuhamisha ufunguo, unapiga C nacho kinatoa sauti ya E flati. Katika dharura inasaidia. Katika mazoezi iache, kwa sababu itakufanya ujue ufunguo mmoja maisha yako yote, na siku utakayokalia piano isiyo na swichi hutakuwa na pa kushika.

Barua ya Ijumaa

Sasa turudi kwenye zile rekodi nilizozifuta. Baada ya swali la mwalimu wangu tulikubaliana utaratibu ambao nimeufuata tangu wakati huo, na ambao nawapa wanaojifunza kwangu.

Rekodi ya kwanza ndiyo inayotumwa. Pasha vidole moto, bonyeza kitufe cha kurekodi, piga mara moja, basi. Usirudie. Hiyo ndiyo hali yako halisi, na ndiyo itakayokuwa nawe mbele za watu, kwa sababu kwenye ibada hakuna mara ya kumi na tano.

Kabla ya kutuma, isikilize mwenyewe na uandike mambo matatu: lililoenda vizuri, lililokwama na liko kipimo cha ngapi, na swali moja. Liwe moja tu. Ukiuliza saba, utapata majibu saba mafupi. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

*Shikamoo mwalimu. Wiki hii nimepiga siku tano, dakika kama 25 kila siku. Mkono wa kulia umetulia. Wa kushoto unakwama kipimo cha 6, pale besi inaporuka kutoka C kwenda F, na nimegundua naangalia mkono badala ya noti. Swali: niruke kwa kidole kipi?*

Mwalimu akipata ujumbe huo ameshajua nusu ya somo lijalo. Nawe, kwa kuuandika, umesikiliza upigaji wako kama mtu mwingine. Faida hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Baada ya miezi sita utaanza kuyajibu maswali yako mwenyewe kabla hujayatuma, na hapo utajua sikio lako limekomaa.

Jibu likija, lisikilize ukiwa umekaa kwenye kinanda, si ndani ya daladala. Liandike kwenye daftari lenye tarehe, na mwisho wa mwezi lisome lote. Kosa linalojitokeza wiki tatu mfululizo ndilo la kufanyia kazi mwezi unaofuata, hata kama noti mpya zinakuita.

Ukitaka cheti

Wapo wanaosukumwa mbele na mtihani. Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya London, iliyoanzishwa mwaka 1889, ina madaraja kuanzia la 1 hadi la 8. Tangu 2020 ina pia mitihani ya upigaji ambayo mtahiniwa hujirekodi kwa video na kuituma, kwa hiyo hata aliye mbali na mji mkubwa anaweza kuifanya. Anapiga vipande vinne mfululizo katika rekodi moja isiyokatwa. Kabla ya kuingia daraja la 6 kwa kawaida hutakiwa awe amefaulu nadharia ya daraja la 5 au mtihani unaokubalika badala yake, hivyo usiiache nadharia nyuma. Jisajili pale tu mwalimu wako anaposema uko tayari, kwa sababu ada yake si ndogo. Na utaona kwamba aliyezoea kutuma rekodi ya kwanza kila Ijumaa hatishwi na rekodi moja ya mtihani.

Anza hivi

Wiki ya kwanza, tafuta C zote kwenye kinanda chako: kila moja iko mara tu kushoto mwa vibonye viwili vyeusi vilivyokaa pamoja, isipokuwa ile ya mwisho kabisa kulia, ambayo huenda isiwe navyo. Ya pili, skeli ya C, mkono mmoja mmoja. Ya tatu, kodi tatu zilizo jirani. Ya nne, wimbo mfupi unaoujua tangu utotoni, mkono wa kulia ukishika sauti na wa kushoto ukishika kodi moja kwa kila kipimo. Kila Ijumaa ya wiki hizo nne, tuma rekodi ya kwanza.

Ijumaa niliyotuma yangu ya kwanza isiyochujwa, wimbo ule ule wa matoleo ulikwama pale pale, mstari wa pili. Niliutuma huku mkono ukisita juu ya simu. Jibu lilikuja baada ya nusu saa, sekunde kumi na mbili tu za sauti: kwenye noti ya tatu nitumie kidole cha 4 badala ya cha 3, ndipo mkono utafika. Nilikaa, nikajaribu polepole, na mkono ukafika. Miezi minne nilikuwa nimeficha makosa, na dawa ya hili ilikuwa kidole kimoja.